Upande wa Ndani

Mkanda hufungwa kwanza. Ni mkanda wa ngozi usio na urembo, umeshonewa kifuko kirefu kidogo kuliko kiganja, kilichoshindiliwa singa za farasi mpaka kikawa kigumu. Uso wa kifuko umetobolewa matundu mengi madogo. Mfumaji anaufunga kiunoni, kifuko kikakaa upande wa kulia juu ya nyonga, kisha anachukua sindano ndefu ya chuma yenye ncha pande zote mbili na kuichomeka ncha moja tunduni. Sindano inasimama yenyewe. Mkono wa kulia, ambao kwa wafumaji wengi hubeba uzito wa sindano na wa kitambaa kinachoning'inia, sasa hauna mzigo. Umebakiwa na kazi moja tu, kupeleka uzi.

Zipo picha za zamani za wanawake wa visiwa vya Shetland wakitembea na kapu la mboji ya kuwashia moto mgongoni, mikono yao ikiwa mbele, inafuma. Kilichowawezesha ni huo mkanda. Barabara haikuwa na sehemu ya kukaa, wala wao hawakuwa na nafasi ya kukaa.

Kisiwa cha Fair Isle, ambako mkanda huo huo hutumika, kiko katikati ya bahari inayotenganisha visiwa vya Orkney na vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti. Urefu wake ni kilomita 5 hivi, na penye upana zaidi hakizidi 3. Nusu ya kaskazini ni kilima na malisho. Nusu ya kusini ndiyo yenye udongo wa kulimika, na huko ndiko ziliko nyumba za kijiji, zimetawanyika, kila moja na shamba lake dogo. Wakazi wote kwa jumla hawafiki mia moja. Miti karibu hakuna, upepo hauiachi ikue. Boti ya kisiwa, Good Shepherd IV, huchukua abiria 12 na hutumia zaidi ya saa mbili kufika Shetland bahari ikikubali. Isipokubali, boti huvutwa nchi kavu na watu husubiri. Kuna pia ndege ndogo, nayo husubiri ukungu uondoke. Tangu mwaka 1954 kisiwa kiko chini ya National Trust for Scotland, shirika linalotunza maeneo ya urithi, lakini kinachoufanya uhai wa hapo uendelee ni kwamba mtu mmoja hushika kazi tatu au nne: huchunga kondoo, huhudumu kwenye uwanja wa ndege, hutengeneza barabara, na jioni hufuma.

Wengi wetu neno Fair Isle tumeliona kwenye lebo ya nguo za kiwandani bila kujua kwamba ni mahali. Jina la kisiwa limegeuka jina la mtindo, na mtu yeyote mwenye mashine, popote alipo, hulitumia. Kwa hiyo nataka kuifuata kazi yenyewe tangu manyoya mpaka sweta ivaliwe, taratibu, kwa kuwa katika ufumaji huu hakuna hatua inayoweza kuharakishwa bila kuonekana.

Kondoo wa Shetland ni wadogo, wana mikia mifupi na sufu laini. Kiangazi kinapoanza, sufu ya mwaka uliopita hulegea yenyewe kwenye ngozi. Zamani haikukatwa. Kondoo alilazwa chini, na manyoya yakang'olewa kwa vidole, fungu baada ya fungu, bila kumuumiza. Rangi za asili peke yake ni hazina: nyeupe ya maziwa, kijivu cha aina kadhaa, kahawia yenye wekundu ndani yake, kahawia iliyoiva karibu na weusi. Mfumaji anaweza kumaliza sweta nzima yenye nakshi bila kutia rangi hata tone, kwa kupanga tu kondoo mweupe kando ya kondoo mweusi.

Lakini nguo zilizokitangaza kisiwa zilikuwa na nyekundu, bluu na njano. Bluu ilitoka kwenye mnili, nyekundu kwenye mizizi ya mmea wa ng'ambo, na vyote viwili vililetwa na meli. Njano ilipatikana kwa kuchemsha mimea ya kisiwani, na magamba yanayoota juu ya mawe yalitoa rangi za kutu na za kahawia. Mnili na mizizi viligharimu, ndiyo sababu katika kofia za kale rangi hizo hazitapanywi ovyo. Zimewekwa mahali ambapo jicho litasimama. Rangi za viwandani zilipofika mwishoni mwa karne ya 19 bei ilishuka, ila ule uangalifu wa kuamua rangi kali ikae wapi ulikuwa umekwisha kuingia mikononi.

Uzi wenyewe ni wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, mwembamba, na ukiuinua dhidi ya mwanga wa dirisha unaona vinyweleo vimesimama pande zote. Mtu asiyejua atadhani ni uzi usiomalizika vizuri. Vinyweleo hivyo vitahitajika mbele ya safari, siku ya mkasi.

Msomaji aliyekulia Njombe, Lushoto au Limuru anaijua sweta ya mkono: mgongo, kifua na mikono miwili, kila kipande kinafumwa peke yake, kisha vinaunganishwa kwa sindano ya kushonea. Ya Fair Isle haiendi hivyo. Inaanza kama duara na inapanda kama duara. Mfumaji hugawa vitanzi kwenye sindano kadhaa zinazozunguka, akafuma kwa sindano moja ya ziada, na uso wa nguo ukamwelekea yeye daima. Hageuzi kitambaa hata mara moja. Faida yake si kuepuka mshono wa ubavuni tu. Nakshi inaonekana wakati wote, na kosa halina pa kujificha.

Kabla ya kitanzi cha kwanza kuna hesabu. Tuseme sweta ni ya mtu wa kifua cha sentimita 105 hivi. Kwa uzi huu na sindano hizi nyembamba, sentimita 10 huingia vitanzi 32 au zaidi kidogo. Mfumaji hupanga nakshi ianze na vitanzi 336. Namba hiyo imechaguliwa. Ua lenye upana wa vitanzi 24 litajirudia mara 14 na kukutana na mwanzo wake bila kubaki hata kitanzi. Ua la 12 litajirudia mara 28. La 8, mara 42. Angeanza na 330, ua la 24 lingezunguka mara 13 na kuacha vitanzi 18 vikining'inia, robo tatu ya ua, na robo tatu hiyo ingemwandama katika kila utepe wa nakshi mpaka begani. Wanawake waliopanga hesabu hizi vizazi vingi vilivyopita hawakuwa na karatasi yenye vyumba. Walizibeba kichwani, na wengi walianza wangali watoto.

Pindo la chini hufumwa kwa rangi mbili, vitanzi viwili vya uso kwa rangi moja, viwili vya nyuma kwa nyingine, zikasimama kama mistari ya wima. Pindo hili halivutiki sana na halikusudiwi kuvutika. Limepewa unene ili lisichakae mapema. Linapofika urefu wa vidole vinne, mfumaji huongeza vitanzi vichache vilivyokwisha hesabiwa mpaka vifike 336, kisha nakshi inaanza.

Kanuni kuu ni moja. Katika mzunguko mmoja kuna rangi mbili tu. Sweta inaweza kuwa na rangi saba au nane, na anayeitazama kwa mbali ataapa kwamba anaziona zote kwa pamoja, lakini ukifuata mstari mmoja kwa ukucha utakuta mbili, hazizidi. Rangi ya nakshi na rangi ya msingi. Wingi unatokana na kubadilisha moja kati ya hizo mbili mzunguko unapokwisha, na mara nyingi hubadilishwa moja kwanza, nyingine baadaye, ili jicho lisikatike.

Mfumaji ninayemwangalia ameuzungusha uzi wa nakshi kwenye kidole cha shahada cha kushoto na uzi wa msingi kwenye cha kulia. Wengine hushika nyuzi zote mbili mkono wa kulia. Ncha ya sindano inaingia kitanzini, uzi unapita, kitanzi cha zamani kinaachiwa. Mara tatu kwa rangi ya kulia, mara moja kwa ya kushoto, mara tatu tena. Hakuna sauti isipokuwa chuma kugusana na chuma. Macho yake hayako kwenye vidole. Yako kwenye mzunguko uliokwisha fumwa, kwa kuwa huo ndio unaomwambia kinachofuata: kitanzi cha nyekundu kinakaa juu ya nyekundu ya chini au kinasogea kimoja kushoto. Akikosea, kosa linajitangaza kabla ya vitanzi kumi, kwa sababu ua halitaki kukaa. Hapo hurudi nyuma, anafumua kimoja kimoja, bila kunung'unika na bila kuharakisha, mpaka alipokengeuka.

Rangi isiyotumika kwa wakati huo haikatwi. Inapita nyuma ya kitambaa, imelala, ikingoja zamu yake. Hapa ndipo penye ufundi ambao picha haziwezi kuuonyesha. Uzi unaopita nyuma ukivutwa mno, kitambaa kinajikunja na nakshi inakuwa na mabonde. Ukilegezwa mno, vitanzi vya pembeni vinapanuka, na vidole vya mvaaji vitanasa ndani kila akivaa. Kwa hiyo kila anapobadilisha rangi, mfumaji hutandaza vitanzi vya mwisho kwenye sindano kwa kidole gumba, kidogo tu, ili uzi wa nyuma upate urefu unaotosha na si zaidi. Kitendo hicho huchukua chini ya muda wa kupepesa jicho. Hukifanya maelfu ya mara katika sweta moja, na thamani yake iko katika kutobadilika: cha asubuhi kifanane na cha usiku, cha siku ya furaha kifanane na cha siku ya msiba.

Nakshi zenyewe zimebuniwa kulinda jambo hilo. Rangi moja haiendi mbali bila nyingine kuingia kati, aghalabu vitanzi vitano, sita, saba kwa wingi. Rangi zinazobadilishana upesi, mistari ya mshazari inayosogea kitanzi kimoja kwa kila mzunguko, vyote hivyo vinaupendezesha uso, lakini vilizaliwa na mahitaji ya upande wa ndani. Anayenunua huona ua. Aliyelifuma alikuwa anafikiria urefu wa uzi nyuma yake.

Kuna siri nyingine ambayo nilihitaji kuonyeshwa zaidi ya mara moja ndipo nikaiona. Nyuzi mbili zinapopita nyuma, moja siku zote hupita chini ya mwenzake. Ile ya chini husafiri njia ndefu kidogo, kitanzi chake hutoka kikubwa kwa unywele, na mbele ya nguo rangi hiyo inajitokeza zaidi. Basi uzi wa nakshi hupitishwa chini na wa msingi juu, tangu mzunguko wa kwanza mpaka wa mwisho. Mfumaji akisahau na kubadilishana nafasi zao katikati ya kazi, ua lile lile, kwa rangi zile zile, litafifia kuanzia hapo, na mtazamaji atahisi kasoro asiyoweza kuitaja.

Mpangilio ulio maarufu kuliko yote una maumbo mawili yanayopokezana: umbo refu la pembe sita, lililojazwa ndani nyota au vitone, na baada yake msalaba. Pembe sita, msalaba, pembe sita, kuzunguka kifua chote. Utepe mkubwa wa namna hiyo huwa na mizunguko ya namba witiri, tuseme 15, ili mmoja ukae katikati. Wa nane ndio moyo wake. Kutoka ukingoni kwenda moyoni rangi zinapanda daraja, na kutoka moyoni zinashuka kwa mpango ule ule uliogeuzwa. Rangi kali kuliko zote, ile nyekundu iliyotoka mbali kwa meli, inapewa huo mzunguko mmoja au na majirani zake wawili. Kisha unakuja utepe mdogo wa mizunguko michache ya kupumzisha jicho, halafu mkubwa mwingine. Na ule mkubwa unaofuata, kwa desturi nzuri ya kisiwa, haurudii ua la chini yake. Pembe sita ni ile ile, kilichomo ndani ni kipya. Nimeona sweta ambayo unaweza kuipekua kutoka kiunoni hadi shingoni usikute utepe mkubwa mmoja unaofanana na mwingine, na bado zote zinaonekana ni za nguo moja.

Hadithi inayopendwa na wageni inasema nakshi hizi ni za Wahispania. Ni kweli kwamba mwaka 1588 meli El Gran Grifón, mojawapo ya zile zilizotumwa kuivamia Uingereza, ilivunjikia kwenye magenge ya Fair Isle, na watu karibu 300 wakakaa kisiwani majuma kadhaa. Kwamba waliwafundisha wenyeji kufuma, hilo halina ushahidi wowote. Mabaki ya kale yanayojulikana, kofia na vifuko vya fedha, ni ya karne ya 19, na nakshi za ukoo huu zinapatikana pia nchi za Baltiki na Norwei, ambako mabaharia walikuwa wakitoka na kurudi. Hadithi ya meli inanikera kwa jambo moja. Inachukua kazi ya wanawake waliokaa hapa miaka yote na kuwapa wanaume waliopita majuma machache wakiwa na njaa.

Wanawake hao walijua soko. Meli kubwa zilipopita karibu, watu wa kisiwa walipiga makasia kuziendea na kubadilishana soksi, kofia na glavu kwa vitu ambavyo kisiwa hakina. Malipo yalikuwa haba. Tume iliyochunguza mwaka 1872 hali ya wafumaji wa Shetland ilieleza jinsi wengi walivyolipwa kwa chai, nguo na bidhaa nyingine za dukani badala ya fedha taslimu, kwa bei aliyoipanga mwenye duka. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1862, zaidi ya watu mia moja wa Fair Isle walikuwa wameondoka kwenda Canada, kwa kuwa kisiwa hakikuweza kuwalisha. Kisha katika miaka ya 1920 mambo yakageuka ghafla: mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, aliyekuja kuwa Edward wa Nane, alivaa sweta ya Fair Isle akicheza gofu St Andrews, na London yote ikaitaka. Viwanda vikafuata nyuma mara moja. Mashine ilijifunza kufuma pembe sita na msalaba. Kwa anayeitazama nguo juu juu, tofauti haikuonekana.

Turudi kwenye sindano, maana tumefika kwapani na hapa kazi inabadilika.

Duara limepanda bila kukatika. Sasa panatakiwa matundu mawili ya kutolea mikono, na njia rahisi ingekuwa kugawa kitambaa na kufuma kifua na mgongo mbali mbali, kwenda na kurudi. Mfumaji wa Fair Isle hafanyi hivyo, maana akienda na kurudi atalazimika kufuma kwa upande wa nyuma asikoiona nakshi, na mvuto wa uzi utabadilika. Badala yake huweka kando vitanzi vichache vya kwapa, na juu ya pengo lililobaki huongeza vitanzi kumi hivi visivyo vya nguo. Ni daraja. Hulifuma kwa rangi mbili kwa kupokezana, kitanzi kimoja hiki, kimoja kile, ili nyuzi zibanane. Duara limeungana tena, na anaendelea kuzunguka hadi mabegani na madaraja mawili yakipanda naye, moja kila upande. Ikiwa ni sweta ya kufungua mbele, kuna la tatu katikati ya kifua.

Mabega yanaunganishwa kitanzi kwa kitanzi. Kilichopo mezani sasa ni mfuko mrefu wenye nakshi, wenye tundu la shingo na usio na mahali pa kupitisha mkono. Kazi ya majuma imo humo.

Ndipo anachukua mkasi.

Anapekua daraja kwa kidole mpaka anauona mstari wa katikati, kati ya kitanzi cha tano na cha sita. Anaingiza ncha ya mkasi chini ya uzi wa kwanza, anatazama kama hakushika kitu cha nyuma, anakata. Kisha wa pili. Hakati kwa pupa na wala hasiti. Ukimwangalia usoni huoni tofauti na alipokuwa anahesabu. Anayetazama ndiye anayeshikilia pumzi, kwa kuwa kila mmoja wetu anajua kufumuka kwa sweta: uzi mmoja ukikatika, kitanzi huachia kitanzi. Hapa hakuna kinachoachia. Vile vinyweleo vya sufu ya Shetland, vilivyosimama pande zote za uzi, vimeshikana kwa siku zote hizo vilipokuwa vinalala pamoja, na ncha zilizokatwa zinabaki zimekaa pale pale kama ukingo wa brashi. Kwa uzi laini wa pamba au wa nailoni jambo hili lingekuwa maangamizi. Mkasi huu unategemea kondoo huyu.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba uamuzi wa kukata ulifanywa zamani. Ulifanywa alipochagua uzi, na tena alipoongeza vitanzi kumi vya daraja na kuvihesabu nje ya nakshi. Mkasi unatekeleza tu. Ushujaa tunaoudhani tunauona pale ni hesabu ya tangu mwanzo.

Baada ya hapo huokota vitanzi kuzunguka tundu lililofunguka, kimoja kimoja, mpaka mduara wa mkono ukamilike, na kuanza kufuma mkono kutoka begani kushuka. Kila mizunguko kadhaa hupunguza vitanzi viwili upande wa chini ili mkono ukonde kuelekea kifundo, na tepe za nakshi hupangwa zilingane na za kifua mtu akisimama ameteremsha mikono. Kingo za daraja hukunjwa ndani na kushikizwa kwa sindano ya kushonea, mishono midogo inayopishana, na hapo sehemu iliyokatwa haionekani tena.

Yote haya hufanyika kwenye nchi ambayo majira ya baridi huipa mwanga wa jua kwa muda wa saa sita hivi kwa siku. Mpaka mwaka 2018 umeme wa kisiwa, uliotokana na upepo na mashine za dizeli, haukuwako usiku kucha. Ulizimwa usiku na kurudi asubuhi. Mfumaji alipanga kazi kwa kufuata mwanga. Kahawia na nyeusi, ambazo hata kijana mwenye macho mazuri huzichanganya taani, zilingoja dirisha la mchana. Jioni ilibaki kwa mizunguko myepesi ambayo vidole vinaijua. Sweta moja hula kwa kawaida zaidi ya saa mia za kazi, na saa hizo hazikai pamoja. Huokotwa kati ya kulisha kondoo na kupokea boti, na nguo ikimalizika haionyeshi mahali popote palipokatizwa.

Mwisho ni maji. Sweta inaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, inakamuliwa bila kusokotwa, kisha inavalishwa kwenye fremu ya mbao yenye nguzo mbili na vijiti vya kupanulia, vinavyosogezwa kwa kuhamisha vigingi kutoka tundu hadi tundu. Inanyooshwa mpaka nakshi zikae mraba, ikatolewa nje, na upepo ule ule ulioizuia miti kukua unaikausha. Majini vinyweleo vimefura na kushikana zaidi. Vitanzi vilivyokuwa vikubwa kwa unywele vimetulia na jirani zao. Kabla ya maji unaweza kuona vitanzi. Baada yake unaona kitambaa.

Ukipata kuishika moja, igeuze ndani nje kabla ya kuitazama kwa mbele. Wanaojua kofia za mkono za Lamu na Unguja hufanya hivyo hivyo, hupindua kofia na kuchungulia viua kwa nyuma kabla ya kuuliza bei. Ndani ya sweta ya Fair Isle utaona nakshi ya pili, kivuli cha ile ya mbele, nyuzi zimelala sambamba, hakuna iliyovutwa, hakuna iliyolegea, hakuna fundo. Mashine nayo huacha nyuzi nyuma, lakini huko hazikupimwa na kidole gumba cha mtu. Nimeanza kuamini kwamba mfumaji huifumia sehemu ile ambayo hakuna atakayeitazama, na ua la mbele humjia kwa sababu hiyo.

Miaka ikipita, kinachochakaa kwanza ni vifundo vya mikono. Vinasuguana na meza, na milango, na kamba. Lakini mkono ulifumwa kutoka begani kwenda chini, na mwisho wake ni pale pale palipochakaa. Mfumaji hutafuta ncha ya uzi kwenye kifundo, anavuta, na pindo lililoliwa linafumuka mzunguko baada ya mzunguko mpaka afike kwenye sufu nzima. Anaokota vitanzi, anachomeka sindano kwenye mkanda, na kufuma kifundo kipya kwa uzi wa rangi ile ile au iliyokaribiana nayo. Sweta iliyobaki haiguswi.